Pumzi Nne kwa Dakika

Jambo la kwanza lilikuwa dogo kiasi cha kuona haya kulitaja: katika chati ya fundi saa mstaafu, pale pumzi ilipokatika, palikuwa na pumzi.

Msomaji wa chati alifikicha macho. Kila asubuhi alisoma chati arobaini za watu waliolala vizuri kuliko yeye. Mashine walizoazimwa wagonjwa wa kukatika pumzi usingizini ziliwasukumia hewa kwa mpira na barakoa, zikaandika kila walichovuta na kutoa, kisha zikatuma yote ofisini. Kazi yake ilikuwa kutazama mawimbi na kuchagua kisanduku kimoja kati ya vitatu: Kawaida, Barakoa inavuja, Mgonjwa haitumii. Cha nne hakikuwepo, maana kamati iliyotunga fomu ilifikiwa na saa ya chai.

Fundi saa alikuwa akikata pumzi sekunde arobaini nzima. Huo ni ugonjwa tu. Lakini ndani ya sekunde hizo mstari haukulala. Ulipanda polepole, ukashuka polepole, wimbi moja kila sekunde kumi na tano, kama mtu anayengoja zamu yake bila haraka.

Barakoa haikuvuja. Mgonjwa aliitumia. Akachagua Kawaida, akatia sahihi chini ya maneno ya fomu, *Hali iliyoonekana iachwe iendelee*, kisha akapiga mwayo. Mwezi wa pili, zamu ya chati hiyo iliporudi, akafanya hivyohivyo. Na wa tatu.

Mwezi wa nne, mke wa fundi saa akaja ofisini na mashine imefungwa kwenye shuka.

"Mwanangu, wewe ndiye unayetusomea?"

"Ndimi, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Nikikaa nitasinzia." Akatua mzigo mezani kwa tahadhari. "Mzee akinyamaza, hii inaendelea. Juzi nikamvua barakoa, nikachomoa waya ukutani. Ikaendelea."

"Labda ni hewa iliyobaki kwenye mpira."

"Hewa iliyobaki haigeuzi mpira kunifuata ninapotembea, mwanangu."

Chumba kilinuka jivu lililomwagiwa maji. Mama akashusha sauti. Alikuwa amemwita mganga, na mganga akatega sikio kwenye mpira, kisha akaanza kufunga mkoba wake.

"Kasema jini huyu ana kibali. Kimetiwa sahihi mara tatu. Yeye hamfukuzi mwenye karatasi. Aliyeandika ndiye afute. Ikifika sahihi ya nne, anayehama ni mwenye nyumba."

"Hata majini siku hizi wanafuata taratibu?"

"Wanafuata kuliko sisi. Wana subira."

Msomaji alitaka kucheka, lakini alikuwa amechoka, na kicheko nacho kinataka nguvu. Akafungua chati ya usiku uliopita, akaona pumzi za fundi saa zimebaki chache, fupifupi, zimebanwa pembeni kama mpangaji anayehamishwa vyombo vyake kimyakimya, na kati yake yale mawimbi mapana yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka, dakika hata dakika, saa hata saa, mpaka alfajiri, na hata baada ya alfajiri, na hata sasa, kwa maana ncha ya mstari ilikuwa bado inasogea kwenye kioo, ilhali mashine ilikuwa pale mezani, ndani ya shuka, waya wake unaning'inia.

Shuka likafura kidogo. Likanywea.

Akachapa fomu, akaikata ile sentensi ya chini kwa kalamu mara mbili, na pembeni akaandika kwa mkono: *Wanapumua wawili. Wa pili sikumruhusu. Atoke.* Akatia sahihi.

Ndani ya shuka kitu kikatoa pumzi ndefu yenye jivu. Mstari kwenye kioo ukalala.

Mama alilia bila sauti, akabeba mashine yake. Mzee bado aliihitaji. Msomaji akatupa fomu kwenye trei, akaenda nyumbani, akalala kama gogo.

Asubuhi alimkuta mkuu wa kitengo, waliyemwita Bwana Mihuri, amesimama mezani kwake na tabasamu la mtu aliyetenda wema.

"Dada, ile fomu yako. Mfumo unapokea mgonjwa mmoja kwa mashine moja. Nimekurekebishia."

"Umerekebishaje?"

"Kawaida. Sahihi nimenakili ile ya mwezi uliopita. Usinishukuru." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Na tazama! Kukatika pumzi, sifuri! Huyu anaingia kwenye ripoti ya mwaka."

Usiku kucha, mawimbi mapana yaliyolingana. Manne kwa dakika. Pembeni hapakubaki kitu.

Simu ikalia.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "hakoromi tena. Amekaa kitandani tangu alfajiri, barakoa usoni, ananitazama. Nimempa saa yake ya mkononi, ile aliyoitengeneza mwenyewe mwaka tuliooana. Ananiuliza hiki ni kitu gani."

Msomaji akabana simu sikioni.

"Anasema nikushukuru wewe."

Nyuma ya sauti ya mama, mtu akavuta pumzi. Msomaji, kwa mazoea ya kazi, akaanza kuhesabu. Alifika kumi na tano ndipo ikavutwa nyingine, na safari hii ilikuwa karibu zaidi na simu.