Kofia ya Shilingi Thelathini

Siku ya meli ya barua, posta ya Shangani haikuwa na pa kutia mguu. Makarani wa maduka, matarishi wa serikali na akina mama wenye watoto wao mbali, wote walisukumana mbele ya dirisha moja, na karani wa ndani hakuwa na haraka hata kidogo. Usi Borafya alikiona kifurushi kabla ya kumwona mwenye nacho. Kilishonewa kitambaa cha marekani, kona zote nne sawasawa, na kilishikwa na mkono wenye hina mpya uliotoka ndani ya buibui la hariri. Mkono wa pili ulishika fomu ya forodha ambayo haijaandikwa kitu.

"Unataka kuandikiwa, bibie?"

"Kuandika najua. Kizungu ndicho sikijui."

"Basi nipe mimi. Mna nini ndani?"

"Kofia za viua, kumi na mbili. Zinakwenda Adeni kwa tajiri mmoja. Ni za Bwana Mabrouk wa Mchangani, mimi ndiye nnayemshonea, mimi na wanawake wenzangu sita."

"Thamani yake?"

"Mia tatu na sitini kwa bei ya hapa. Huko zinauzwa mara tatu yake, lakini hilo usiliandike."

Usi alicheka, akaegemea ukuta na kuandika. Alikuwa karani wa wakala wa meli, ana miaka ishirini na saba, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata, na mwandiko wake ulikuwa fahari ya ofisi nzima.

"Jina la mpelekaji?"

"Andika Mabrouk."

"Silo nnalolitaka."

"Nnajua silo," akasema yule mwanamke, na macho yake yakapanda hadi kichwani mwa Usi. "Na wewe kofia hiyo kakushonea nani? Adui yako?"

Kabla hawajafika dirishani alikuwa ameshamwambia jina. Kidawa.

Tangu hapo ofisi ya wakala wa meli ikapata mteja mpya. Kila Alhamisi Kidawa alipopeleka kazi dukani kwa Mabrouk, aliomba simu, na Mabrouk, mzee wa Kingazija mwenye staha zake, aligeuka kuhesabu majora ya nguo ambayo alikuwa ameshayahesabu asubuhi.

"Halo, ofisi ya meli?"

"Naam."

"Nnauliza meli yangu imetia nanga?"

"Meli gani hiyo, bibie?"

"Ile ndefu, nyembamba, yenye kofia mbovu."

"Imetia nanga tokea siku ya posta, roho yangu. Nanga yenyewe haing'oki."

"Isije ikawa imekwama kwenye mchanga tu."

"Imekwama kwako."

Posa ilipelekwa, ikajibiwa, na kishika uchumba kikapokewa na Bi Mwanamkasi, shangazi aliyemlea Kidawa nyumbani kwao Mkunazini. Harusi ilipangwa mwezi wa Mfunguo Tatu. Lakini Kidawa hakuwa mwari. Alikuwa ameolewa mara moja, na mume yule alimuaga anakwenda Mombasa miezi sita, akakaa miaka miwili na nusu bila barua wala talaka, mpaka kadhi akaivunja ndoa. Kwa hiyo alimpa Usi sharti moja, na alimpa uso kwa uso.

"Usinitundike. Ukitaka kwenda popote, nchukue. Usipotaka kunichukua, niache nishone kofia zangu. Lakini kunitundika, sikubali tena."

"Wallahi sikutundiki," Usi akaapa, na alipoapa alimaanisha.

Ikabaki miezi miwili. Mwaka ule wa hamsini na nne bandari ya Adeni ilikuwa ikipanuka, na kampuni moja ya huko ilitafuta karani anayejua Kizungu na Kiarabu. Barua ilipofika, Usi alipiga simu dukani kwa Mabrouk, akamkuta Kidawa anakunja kazi.

"Kidawa, roho yangu! Mia nne na ishirini!"

"Kwa mwaka?"

"Kwa mwezi, we mwanamke! Hapa napata mia na tisini. Mkataba wa miaka mitatu."

"Basi twende. Nkafunge mizigo?"

Upande wa pili Usi akaichukua penseli.

"Ngoja kwanza nifanye hesabu," akasema Usi.

"Fanya. Ukikwama nambie, hesabu mimi nazijua."

Hakumwambia. Wiki nzima hakupiga simu. Alhamisi Kidawa alipopiga, sauti ngeni ikamjibu kwamba Bwana Usi katoka, na nyuma ya sauti hiyo Kidawa akamsikia Usi mwenyewe akikohoa. Aliweka simu chini taratibu. Usiku ule alishona vitundu vinne vya kofia akavifumua vyote, maana mawazoni alikuwa ameshamwona mwanamke mwingine, ameshampa sura, na amemvisha hereni.

Ijumaa baada ya sala Usi akaja Mkunazini. Alikuja na kofia yake kuukuu mkononi, ile aliyoombwa muda mrefu ili ichukuliwe kipimo cha kofia mpya ya harusi. Alikaa ukumbini kwenye ncha ya kiti. Bi Mwanamkasi alikaa nyuma ya pazia na tambuu lake, akikohoa kila maneno yalipopungua ili wajue kwamba yupo.

"Kidawa, tungoje miaka mitatu," akasema Usi.

"Kwa nini?"

"Mambo ya kazi. Niamini."

"Kuna mwanamke Adeni?"

"Hakuna."

"Hapa?"

"Hakuna, wallahi. Ni wewe tu."

Akaondoka haraka bila kunywa kahawa, na kofia akaiacha mkekani.

Kidawa akaichukua apime. Vidole vyake vikagusa kitu kigumu ndani ya mkunjo. Wanaume wa Unguja wote wana tabia hiyo moja: noti, barua, stakabadhi, vyote hupenyezwa katika kofia, na mwenyewe husahau. Ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli, kwa ule mwandiko mzuri wa posta.

Juu kabisa palikuwa na Unguja, na bakaa ya shilingi ishirini na tano kwa mwezi. Chini yake, "Adeni, peke yangu": chumba na chakula juu ya kampuni kwa asiye na mke, mama mia moja, matumizi hamsini, bakaa mia mbili na sabini. Chini kabisa, "Adeni, na K.": pango la nyumba mia na sitini, chakula mia na thelathini, maji ishirini, mama mia moja, mavazi na mengineyo arubaini. Halafu mstari, na chini ya mstari, "Upungufu 30."

Kidawa hakulia kwanza. Alijumlisha. Hesabu ilikuwa sahihi. Hapo ndipo alipolia.

Alhamisi akampigia simu. Safari hii Usi alijibu mwenyewe.

"Njoo uchukue kofia yako," akasema Kidawa. Hakuuliza habari ya meli.

Usi alipoingia ukumbini aliikuta karatasi juu ya meza, imenyooshwa, imewekewa mkasi juu yake.

"Hesabu yako sawa," Kidawa akasema. "Nimeijumlisha mara mbili."

"Kidawa, nlitaka nkwambie—"

"Maji shilingi ishirini. Mimi nnakunywa maji ya shilingi ishirini, Usi?"

"Adeni maji yananunuliwa."

"Haya. Na kwenye kuingiza, mimi sina kitu?"

Usi akamtazama bila kuelewa.

"Kofia zangu!" Sauti ya Kidawa ikapanda. "Nnapata mia kwa mwezi hapa hapa, kwa bei ya Mabrouk. Kofia hizo hizo Adeni mara tatu. Ningekuwa huko, wenzangu wakanishonea hapa, mimi nikauza mwenyewe! Nani aliyeandika ile fomu posta? Ule ulikuwa mkono wa nani?"

Ulikuwa mkono wake. Aliandika mwenyewe idadi, mji na thamani, akicheka, macho yake yakiwa kwenye hina. Nyuma ya pazia tambuu likaacha kutafunwa.

"Lakini hiyo ni mali yako," akasema Usi. "Mali ya mke si ya mume. Nimelelewa vipi mimi hata nikae na penseli nihesabu fedha ya mwanamke, niitie kwenye pango langu? Watu wangeniona mtu gani?"

Na alisema kweli. Mama yake, kule Jang'ombe, hakumlea hovyo. Alimfundisha kwamba mke hulishwa, huvishwa na kuwekwa ndani ya nyumba, na kilicho chake hakiguswi. Kijana mwingine mwenye adabu ndogo zaidi angekihesabu mara moja.

"Ningekupa mwenyewe, kwa mkono wangu," akasema Kidawa. "Ungeniuliza tu."

"Nakuuliza sasa. Twende pamoja. Nitawaandikia leo, nitawaambia—"

"Umeshasaini?"

Usi akainama.

"Usi, nnakuuliza. Umeshasaini?"

"Nshasaini. Jumatatu ile. Wameniandika sina mke, na nauli nshapokea. Mama nshamnunulia mabati ya paa."

"Kwa hiyo Ijumaa ulipokuja hapa kuniambia tungoje, ulikuwa ushamaliza."

"Miaka mitatu, Kidawa. Nitakuandikia kila meli."

"Yule wa kwanza alisema hivyo hivyo, tena yeye miezi sita. Nlikwambia usinitundike."

"Nakupenda."

"Nnajua. Na mimi nakupenda, wala sioni haya kusema mbele ya shangazi. Lakini mtu anipendaye kanikuta ni upungufu, kaniandika hivyo kwa mwandiko mzuri, halafu kanificha. Sikai miaka mitatu na neno hilo."

Akaingia ndani, akarudi na kitambaa chenye fundo. Kilikuwa kishika uchumba, hakikupungua hata senti. Usi alikataa kunyoosha mkono, na Kidawa akakiweka juu ya karatasi, akauondoa mkasi.

Siku mbili kabla ya kusafiri, Usi alikwenda dukani Mchangani akijua ni Alhamisi. Kidawa alikuwepo, amevaa kanga nyekundu chini ya buibui lililoachwa wazi kifuani, macho yamevimba kidogo. Kofia ilikuwa kwenye kaunta. Nyeupe, viua vidogo kama mbegu za mchicha, wiki nyingi za kazi.

"Umeimaliza," akasema Usi.

"Kazi nikianza namaliza. Shilingi thelathini."

"Kidawa..."

"Bei ya duka. Kila mteja bei hiyo."

Mabrouk akageukia majora yake. Usi akatoa noti tatu za kumi, akazihesabu mara mbili. Kidawa akamwandikia stakabadhi. Usi akavaa kofia, ikamkaa sawasawa.

"Usitie karatasi humo ndani," Kidawa akamwambia. "Inaharibu uzi."

Ndilo neno la mwisho aliloambiwa.

Adeni walikuwa wanaume wanane chumba kimoja, na bakaa ilikuwa mia mbili na sabini kama alivyoandika. Mwezi wa tano wa kukaa kwake huko, sokoni, mfanyabiashara mmoja alimshika mkono na kuitazama kofia yake.

"Unaiuza? Nakupa tisini sasa hivi."

"Siiuzi."

"Basi. Mwenye kushona hizi namjua, ni mwanamke wa Unguja." Akamwonyesha kifurushi cha marekani, kona zake nne sawasawa, na fomu iliyoandikwa kwa Kizungu cha kujifunza, herufi zinapanda na kushuka. "Mwanzo alipitia kwa Mngazija mmoja. Siku hizi ananiletea mwenyewe, na bei yake hataki kupunguza."

Usi alirudi chumbani, akatafuta penseli. Akaandika "Adeni, na K.", akaweka pango, chakula, maji, mama, mavazi. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaweka kofia kumi na mbili za kila mwezi, kwa tisini tisini. Akatoa ujira wa washonaji, akatoa ushuru, akapiga mstari. Bakaa mia tano na sabini.

Akaikunja karatasi mara nne, akavua kofia aipenyeze ndani kama kawaida yake. Akakumbuka aliyoambiwa dukani. Akabaki amekaa kitandani, kofia mkono mmoja, karatasi mkono wa pili, hajui pa kuiweka.