Elfu Arobaini na Nyayo za Mtu Mmoja

Kila siku, ikifika saa tisa alasiri, mzee Arvid Tveit aliweka vikombe viwili mezani. Kimoja chake. Cha pili cha mkewe, Inga. Lakini Inga alikuwa amefariki tangu mwezi wa tano, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja na theluji imefika magotini.

Binti yake, Karla, aliviona vikombe vile kila siku. Alijua kahawa ya kikombe cha pili itapoa. Baba ataimwaga, kisha atakiosha kile kikombe taratibu, kana kwamba kuna mtu amekinywea.

Karla na mumewe, Dell, walihamia kwa mzee baada ya mazishi. Nyumba ilikaa peke yake katikati ya malisho, huko mashariki mwa jimbo la Montana, Marekani. Jirani wa karibu alikuwa mwendo wa robo saa kwa pikapu. Asubuhi waliwapa ng'ombe majani makavu na kuvunja barafu kwenye hori la maji. Mchana walikula viazi na nyama. Alasiri upepo ulianza. Na upepo ukianza, mzee naye alianza kusikiliza.

"Kuna mtu," alisema siku hiyo.

"Wapi, baba?"

"Nyuma ya banda. Anatembea. Husikii theluji inavyolia chini ya miguu yake?"

Karla alitega sikio. Alisikia upepo, na bati moja la paa likigonga. Mbwa wao, Tiki, alikuwa amelala mlangoni. Akainua kichwa. Hakutazama upande wa banda. Alimtazama mzee.

Redio ilikuwa inasoma habari. "Mwaka jana, nchini kote, zaidi ya watu elfu arobaini walikufa kwa bunduki." Kisha wanasiasa wawili wakaanza kubishana juu ya sheria, kila mmoja akiitwaa namba ileile na kumtupia mwenzake.

Dell aliweka uma chini. "Umesikia, mzee? Elfu arobaini. Huko mijini wanamalizana kama kuku wa kideri. Sasa majambazi wao wameshaanza kushuka na barabara kuu."

"Waje," alisema mzee. "Watanikuta."

"Na kuna wanaotaka tusiwe na bunduki. Tujilinde na nini, na huu uma wa viazi?"

Mzee akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka baada ya wiki nyingi. Dell akafurahi. Akashuka chumba cha chini, akafungua sefu, akapanda na bunduki moja ya mzee. Akaitia risasi, akaitundika ukutani juu ya kiti cha mzee.

"Hapo mkono wako unaifikia, baba mkwe. Atakayekuja akukute uko tayari."

Mzee aliitazama bunduki kwa muda mrefu. Karla hakupenda alivyoitazama. Hakuitazama kama mtu anayeogopa wezi. Aliitazama kama mtu anayetazama saa ya ukutani, aone muda umebaki kiasi gani.

Siku ya pili theluji mpya ilianguka asubuhi, ikakatika mchana. Nje kote palikuwa peupe, pamenyooka kama shuka. Dell alikuwa ameondoka kabla haijakatika, kwenda kuleta majani makavu. Karla alikuwa juu akikunja nguo. Aliposhuka, vikombe viwili vilikuwa mezani, na mzee ameketi chini ya bunduki, buti zake zinachuruzika maji ya theluji.

"Karudi," alisema mzee kwa sauti ndogo. "Safari hii nimemsikia wazi."

Karla akavaa koti. "Ngoja nikaangalie. Kwenye theluji mpya mtu hawezi kujificha."

Alitoka kwa mlango wa jikoni. Nyayo alizikuta palepale kizingitini. Akazifuata. Zilizunguka banda, zikapita zizi, zikaenda hadi kwenye ua wa waya unaotazama kilima alikozikwa mama yake. Hapo mtu alikuwa amesimama muda mrefu. Theluji ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama jiwe. Kisha nyayo ziligeuka, zikarudi jikoni.

Zilikuwa nyayo za mtu mmoja. Kisigino cha kushoto kilikuwa na pengo. Pengo lile Karla alilijua. Buti lile alilipeleka yeye mwenyewe kwa fundi mwezi uliopita, na fundi akasema halitengenezeki.

Alitafuta nyayo nyingine. Hapakuwa na nyingine, hata za mbweha.

Alipogeuka, alimwona baba yake amesimama dirishani. Karla akampungia mkono. Mzee hakumpungia. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama pembeni yake kidogo, mahali patupu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekuja na Karla.

Usiku Karla alipata usingizi kidogo tu. Kulipokucha alimwomba Dell asitoke nyumbani mpaka arudi, akawasha pikapu akaenda kwa Nedra Stroh.

Nedra alikuwa rafiki wa mama yake, na Karla alizoea kumwita shangazi. Alikuwa dereva wa basi la shule. Tena alikuwa na kazi ya pili, ambayo watu hawakupenda kuitaja. Mtu akifa ghafla popote kwenye kaunti ile, Nedra ndiye aliyekwenda nyumbani kwake na kuandika amekufaje. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Karla alimkuta anafagia basi.

"Shangazi, kwetu kuna mtu anazunguka nyumba," alisema Karla. "Nami nimeona nyayo zake. Ni za baba."

Nedra akaacha kufagia. Alimsikiliza mpaka mwisho: vikombe, redio, bunduki juu ya kiti.

"Dell alifanya vile kwa sababu ya namba ya redioni," alisema Karla. "Elfu arobaini. Hata mimi niliogopa."

"Namba ni kweli," alisema Nedra. "Ila mmeisikia nusu. Ulijiuliza hao elfu arobaini waliuawa na nani?"

"Na majambazi. Na nani mwingine?"

Nedra alimkaribisha ndani ya nyumba. Akatoa daftari kubwa lenye jalada la kijani. Alilifungua, akafunika safu ya majina kwa kiganja chake.

"Majina si yako kusoma. Soma hapa pembeni tu. Hawa ni waliokufa kwa bunduki kaunti hii, miaka yote niliyofanya kazi. Hesabu."

Karla alihesabu kwa kidole. "Kumi na tisa."

"Mmoja alikuwa mwindaji. Mwenzake alimdhania paa. Mmoja aliuawa na ndugu yake wakigombania maji ya kunyweshea. Waliobaki?"

"Kumi na saba."

"Hao kumi na saba walijiua wenyewe."

Upepo ulipita chini ya mlango. Karla alitazama mistari ile kumi na saba. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko uleule, wino uleule. Chini ya mstari wa kumi na tisa palikuwa na mstari wa ishirini. Ulikuwa mtupu. Karla hakuweza kuondoa macho pale.

"Nitakuambia kitu," alisema Nedra. "Nimeingia nyumba zote hizo. Hakuna mlango uliokuwa umevunjwa. Hakuna dirisha. Mbwa walikuwa hawajabweka. Watu wanalinda mlango, na hatari imekaa nao mezani."

"Lakini kumi na tisa ni wachache, shangazi."

"Wachache kwa mji mkubwa. Sisi hapa, kaunti nzima, tuko elfu mbili. Kabla hujasema namba ni ndogo au kubwa, uliza ni kati ya watu wangapi."

"Na nchi nzima?"

"Nchi nzima, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni watu waliojiua. Katika jimbo letu hili, ni wanane au zaidi kati ya kumi. Wengi ni wanaume. Wengi ni wa mashambani, na wazee wamo tele. Kuna miji ambako wengi kweli wanauawa na wenzao, vijana wadogo. Usidharau msiba wao. Ila usiuchukue msiba wao ukautundika ukutani kwako, ukashindwa kuuona wako."

Karla aliondoa kidole daftarini. "Kwa hiyo wanaobishana redioni, nani yuko sawa?"

"Mimi sikuambii upige kura upande gani. Watu wenye akili zao wanabishana juu ya sheria, na wataendelea. Ila anayebisha ajue kwanza anabisha juu ya kifo kipi. Namba ni kama ile sauti nyuma ya banda, mwanangu. Usiikimbie, na usiipige risasi. Toka nje ukaangalie nyayo. Ni nani? Ni wapi, na kati ya wangapi? Ni kwa mkono wa nani?"

"Nifanye nini na baba?"

"Mambo mawili, tena leo. Kwanza, muulize. Usizunguke. Muulize kama anafikiria kujiua."

"Si nitampa wazo?"

"Hapana. Watu wote hudhani hivyo. Kumuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa mahali pa kulitua. Pili, bunduki itoke ndani ya nyumba. Lile wimbi baya huja na hupita, mara nyingi ni muda mfupi tu. Bunduki ikiwa mbali, wimbi linapita mtu akiwa hai. Kisha umpeleke kliniki, na namba ya simu ya msaada ibandikwe jikoni. Simu hiyo hupokewa mchana na usiku."

"Hatakubali kunyang'anywa bunduki. Unamjua."

Nedra akatabasamu kidogo. "Nani kasema anyang'anywe? Pale baa ya Orla kuna msumari nyuma ya kaunta. Unaujua?"

Karla aliujua. Kaunti nzima iliujua. Mtu akilewa, Orla hutundika funguo za gari lake pale msumarini. Hakuna anayeona haya. Kesho yake mtu hurudi, hunywa kahawa, huchukua funguo.

Theluji barabarani ilimchelewesha Karla, akafika nyumbani saa tisa. Vikombe viwili vilikuwa mezani. Mzee alikuwa kitini, na Dell karibu yake akichonga kijiti asichokihitaji. Karla alivuta kiti akakaa mbele ya kikombe cha mama yake. Hakuwa amewahi kukaa pale.

"Baba, unafikiria kujiua?"

Kisu cha Dell kilisimama. Bati la paa liligonga mara moja, mara mbili. Mzee alitazama meza.

"Nani kakutuma?" aliuliza. "Wale wa redioni? Wameanza kuchukua bunduki kwa kutumia mabinti?"

"Nimetumwa na nyayo zako."

Mzee alikizungusha kikombe chake mezani.

"Huwa namsikia mama yako," alisema mwishowe. "Saa hizi. Natoka namfuata. Nikizunguka banda nakuta nyayo mbele yangu, nasema leo nimempata. Nazifuata mpaka kwenye ua. Nikitazama chini, ni buti langu. Ni mimi wa jana." Akapangusa uso. "Jana niliporudi nilikaa hapa. Nikaitazama hii iliyo juu yangu. Nikaona ni karibu sana."

Dell aliinuka, uso umempauka. "Mimi ndiye niliyeitundika, mzee."

"Ulitaka kunilinda."

"Nilikulinda upande usio na mtu."

Karla aliushika mkono wa baba yake. Ulikuwa baridi. "Baba, mwaka juzi Orla alizitundika funguo zako msumarini. Alikunyang'anya gari?"

"Gari ni langu mpaka leo."

"Basi Nedra ana sefu. Bunduki zako zikae kule mpaka utakapokuwa sawa. Ni zako. Utazifuata ukinywa kahawa."

"Kahawa ya Nedra ni maji ya kuoshea soksi," alisema mzee.

Hakuna aliyecheka. Lakini mzee aliinuka. Aliichukua bunduki mwenyewe ukutani. Mzee akamkabidhi Dell, mdomo wa bunduki ukitazama sakafu. "Toa risasi. Na zile mbili za chini pia. Zote. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Dell alikwenda, na Tiki akapanda naye pikapu. Karla alibaki na baba yake. Walizungumza mpaka kahawa ikaisha birikani. Jioni ile walipiga simu ya msaada pamoja. Asubuhi yake walikuwa kliniki.

Mambo hayakutengemaa kwa siku moja. Mwezi wa kwanza mzee bado alisikia hatua. Lakini sasa akizisikia alisema, "Karla, njoo twende." Wakazunguka banda wawili. Kwenye theluji zikabaki nyayo za jozi mbili, moja yenye pengo kisiginoni. Kila wiki alizungumza na mshauri wa kliniki kwa simu, akijifanya anaona taabu, lakini dakika tano kabla ya saa ameshakaa karibu na simu.

Mwezi wa tatu ndama walianza kuzaliwa, na mzee hakuwa na nafasi ya kukaa kitini. Ukutani palibaki msumari. Mzee alitundika hapo koti la Inga la kufanyia kazi, na kila aliyetoka nje kwenye baridi alilivaa.

Alasiri moja redio ikasoma tena. Mwaka umeisha, namba mpya imetoka, makumi ya maelfu ya watu wamekufa kwa bunduki. Wanasiasa wakaanza.

Dell akafungua mdomo. Mzee akainua kidole.

"Ngoja. Hawajasema ni nani. Hawajasema ni wapi, kati ya watu wangapi." Akaisogelea redio, kama anayesubiri imjibu. "Wala hawajasema ni kwa mkono wa nani."

Nedra alikuwa mezani. Siku hizo alikuja mara kwa mara, na kile kikombe cha pili sasa alikinywea yeye. Mzee akamgeukia.

"Lile daftari lako la kijani. Binti yangu aliniambia lina mstari wa ishirini."

"Lina."

"Bado mtupu?"

"Bado."

Mzee alilichukua birika la kahawa, akamjazia kikombe mpaka juu.

"Kunywa basi," alisema, "ujue kahawa ya watu ikoje."