Kidole Gumba cha Beseni la Tatu

Walikutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo kiwandani, saa ya kupokezana zamu, watu wamebanana kila mmoja akitafuta ovaroli yake nyeupe.

"Dada, hiyo uliyovaa ni yangu."

Kweli ilikuwa imemmeza hadi vidole vya miguu. Dada akamtazama kijana mwenyewe, mrefu, miguu ya ovaroli imemwishia magotini.

"Na wewe ukaona kaptula hiyo imekukaa?"

Basi hapo ndipo yalipoanza. Dada alikuwa mkaguzi wa seli za sola: aliziwasha moja moja mbele ya kamera na kuzisoma picha. Kijana, ambaye yeye alimwita Mrefu, alisimamia beseni la tatu, ambamo mabamba membamba ya silikoni huoshwa kwa asidi kabla ya kuingia tanurini. Kiwanda kilikuwa kimebadili namna ya kuosha ili kila seli itoe umeme zaidi, na kwa wiki tatu vipimo vilipanda. Mapenzi nayo hayakubaki chini. Kila siku saa nne, kwenye mapumziko yake, mkaguzi alimpigia simu, na Mrefu hakukosa kupokea.

"Nasikia maji huko."

"Ni moyo wangu unachuruzika, mpenzi."

Wiki ya nne vipimo vikaanza kushuka. Katikati ya picha moja inayong'aa mkaguzi akaona doa jeusi. Akainama: mistari ya kidole gumba. Kesho yake seli zenye doa zilikuwa mbili, keshokutwa saba, zote za beseni la tatu, zote zimeoshwa saa nne. Simu haipokelewi kwa glavu nene za mpira; Mrefu alizivua, kisha akashika bamba kwa kidole kitupu. Na asidi ile, walifundishwa siku ya kwanza, haiumi papo hapo. Hupenya kimya, mtu anakula, anacheka, huku inaufuata mfupa.

Siku hiyo hakupiga simu. Alikwenda kwa msimamizi akaeleza yote, pamoja na simu zake mwenyewe. Mrefu akahamishiwa kwenye kufungasha maboksi. Jioni Mrefu akampigia.

"Umeniuza."

"Nimekutoa kwenye beseni."

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungenicheka, kesho ungevua tena glavu. Niambie kidole hakiumi."

Simu ikakatwa.

Siku tatu simu zake hazikupokelewa. Ya nne akaambiwa Mrefu yuko zahanati ya kiwanda. Alimkuta kwenye benchi, shati halijafungwa vifungo, mkono umefungwa bandeji hadi kiwikoni.

"Kimeanza kuuma jana," alisema bila kuinua macho. "Kama jino. Nilitaka nikuoe nikiwa mzima."

"Nani amekuuliza habari ya vidole? Unanioa au hunioi?"

"Nakuoa."

Akaketi ubavuni pake, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Mlango ukafunguliwa. Nesi, karatasi za vipimo mkononi, akamuuliza dada yule ni nani wake.

"Mke," Mrefu akasema.

Nesi akashusha sauti.

"Basi ingieni wote. Afadhali jibu la mfupa mlisikie mkiwa wawili."