Sifuri Mbili za Ukurasa wa Arobaini

Siku hiyo katika duka la uchapaji hapakuwa na pa kutia mguu. Mashine za kunakili zinanguruma, wanafunzi wanasukumana, mara akaingia binti wa gauni la kijani, amekumbatia daftari kama mtoto mchanga. Mchapaji alipomwona alimkanyaga mteja.

Binti alikuwa mwalimu wa hesabu, anataka tasnifu yake ichapwe. Wiki tatu wakakaa bega kwa bega, yeye akisoma, Mchapaji akigonga. Ya pili haijaisha, wanaitana mpenzi, na simu za asubuhi hazikatiki. Mwalimu alimweleza kwamba tasnifu hiyo inathibitisha kuwa majedwali yake ya namba si mabovu. Mchapaji, aliyeachia shule njiani, akashika hilo tu.

Siku ya mwisho, akiwa peke yake, alifika ukurasa wa arobaini. Jedwali dogo: juu sifuri na moja, chini moja na sifuri. Sifuri mbili, na kesho mtoto wa watu anasimama mbele ya maprofesa! Akajua mpenzi wake kapitiwa. Akaweka moja kila mahali, akajalidi, akajipongeza.

Kesho yake saa nne simu ikalia.

"Nani kakutuma kugusa namba zangu?"

Ikakatwa. Mchapaji akapiga mara tisa, wapi. Alijiona mjinga wa kutupwa, kamharibia msomi jasho la miaka, na juu ya hayo kampoteza. Hakula, hakunywa, hadi saa nane mlango uliposukumwa. Gauni lile lile, uso unang'aa.

"Nimefaulu."

Akamsimulia kwa pupa. Maprofesa walilivamia kosa lile, naye akaligeuza mfano ubaoni. Chukulia jedwali ni la watu wawili, na kila namba ni jibu la wawili wakikutana. Moja tupu zinapendeza macho, lakini chukua mtu wa kwanza umtoe wa pili: huyo utakayempata, mkutanishe na yeyote, jibu ni sifuri. Akiwepo mmoja wa namna hiyo, jedwali ni bovu.

"Na lile la sifuri mbili?"

"Zima kabisa. Mtu akijikutanisha na nafsi yake ni sifuri, akikutana na mwenzake ni moja. Kila mtu ana wa kumfaa."

Mchapaji akamsogezea kiti. "Mimi darasani nilikuwa sifuri tupu."

"Kwangu si sifuri, mpenzi. Ila siku nyingine uniulize kwanza."

"Basi nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

Foleni nzima ikageuka kuwatazama. Mwalimu akacheka, macho yamejaa machozi.

"Nimekubali. Lakini kadi za harusi nitazikagua mwenyewe kabla hujazichapa."