Rangi Mbichi ya Mlango wa Choo

Haya yalimkuta rafiki yangu wa chuoni, tunayemwita Mkia kwa kuwa kila mahali hufika wa mwisho. Likizo ile alikwenda nchi za watu na wenzake wawili, wakazunguka visiwa kwa feri. Kisiwa cha kwanza mawimbi yalimchukulia viatu. Cha pili akapanda feri isiyo yake. Wenzake walicheka hadi mbavu zikawauma.

Safari ya tatu, mchana kweupe, aliingia choo cha feri, taa ikazimika. Akasukuma mlango. Ulisogea kidogo, kisha ukarudishwa taratibu. Nje mtu alikuwa akipumua.

"Jamani, acheni utoto! Joto litaniua humu!"

Halafu kitu kikaanza kukwaruza mlango, polepole, kuanzia juu.

Mkia alitukana, akabembeleza, mwishowe akalia. Ghafla mlango ukaachia, akaangukia miguuni mwa baharia aliyeshika brashi.

"Nani kaniharibia rangi? Nimetoka kupaka sasa hivi!"

Wenzake wakaja mbio, wakaonyesha mikono yao. Haikuwa na hata tone.

Wote wanne wakautazama mlango. Alama za viganja viwili zilikuwa zimezama kwenye rangi mbichi, juu kabisa karibu na dari, vidole vikielekea chini.