Hatutaki Maziwa, Tunataka Maji

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nne Machi, saa tatu asubuhi. Binti wa Fundi Mawe alikuwa anakata jiwe kwa mashine kwenye karakana ya kampuni. Akakohoa, akakaa chini kama gunia. Baba mtu akamkimbilia. Kikohozi kile alikijua. Ndicho kilichomzika mkewe, aliyekung'uta ovaroli za mumewe zenye vumbi mlangoni miaka nenda rudi.

"Mpe maziwa," msimamizi akasema. "Maziwa huosha kifua."

Kila asubuhi kampuni iligawa maziwa. Wakubwa wenyewe walikaa ofisini, madirisha wamefunga.

Fundi alimwinua binti yake. Alimpeleka mwanawe zahanati.

"Baba, maziwa yanakwenda tumboni," muuguzi akamwambia. "Vumbi liko mapafuni. Wapi na wapi?"

"Sasa huko linafanya nini?"

"Kila chembe ya mwili hufanya kazi kwa maagizo. Maagizo hayo hubebwa na RNA. Zipo pia RNA ndogo mno. Kazi yao ni kunyamazisha maagizo yasiyotakiwa."

"Kama msimamizi wetu?"

"Hizi zina faida, baba!" Muuguzi akacheka. "Vumbi la mawe likizidi, hizo ndogo huvurugika. Amri ya kujenga kovu inakosa wa kuizima. Pafu linakakamaa, na kovu halirudi nyuma. Ila mwanao tumemuwahi, picha ya kifua ni safi. Kateni mawe kwa maji, vumbi lisiruke. Vaeni barakoa za kuzuia vumbi. Nguo za kazi zibaki kazini."

Kesho yake maziwa yalipoletwa, hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mmeshiba?" msimamizi akawakejeli.

"Hatutaki maziwa," Fundi akasema. "Tunataka maji. Kila mashine na bomba lake."

"Tangu lini mashine ikanywa maji?"

"Haikunywa. Ndiyo maana mke wangu yuko kaburini."

Wafanyakazi wakazima mashine zote. Zikakaa kimya mpaka mabomba yakaja.

Sasa tope linatiririka pale vumbi lilipokuwa linapaa. Binti alikata jiwe hadi mwisho bila kukohoa, akamrushia baba yake maji.

"Mzee, kumbe una nywele nyeusi!"

Wenzake wakapiga vigelegele. Fundi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Halafu akamgeukia msimamizi. "Muuguzi anasema wataalamu wanachunguza kama RNA ndogo zilizomo kwenye damu zinaweza kutuonya kabla ya kovu. Kipimo hicho kikipatikana, kitaanza kwa nani? Sisi tunaokula vumbi, au nyinyi mnaolitazama dirishani?"