Kitufe Kilichofichwa na Picha

Kila siku baada ya masomo, Kasi na rafiki yake Kidoti walibaki kwenye chumba cha kompyuta kutengeneza tovuti ya shule. Kidoti aliandika maneno, Kasi akapanga picha na vitufe. Kasi jina lilimfaa, maana hata chai aliigugumia ingali inafuka moshi.

Wiki hiyo walitengeneza ukurasa wa wazazi kuwaandikisha watoto kwa daktari wa macho, ambaye angefika Ijumaa.

"Mmeujaribu kwenye vivinjari vyote?" mwalimu wa kompyuta aliuliza. Alijua kwamba kila programu ya kufungulia tovuti ina tabia zake.

"Vyote, mwalimu," Kasi alijibu. Ulikuwa uongo mtupu. Aliufungua ukurasa kwenye kimoja tu, ukapendeza, akaridhika.

Alhamisi mwalimu aliingia amekunja uso.

"Wazazi wengi hawaoni pa kubonyeza. Daktari ataondoka bila kuwaona watoto wao! Kidoti, wewe ndiye wa mwisho kuugusa ukurasa. Umeharibu nini?"

"Nimesahihisha neno moja tu, mwalimu."

"Basi kaa pembeni. Huu si mchezo."

Machozi yakamlengalenga Kidoti. Kasi akatazama sakafu. Aliogopa, tena aliona haya.

"Si yeye, mwalimu," alisema hatimaye. "Nilikudanganya. Nilijaribu kivinjari kimoja tu."

Mwalimu akamgeukia Kidoti. "Nisamehe, Kidoti. Njooni wote."

Waliufungua ukurasa kwenye simu kuukuu ya mwalimu. Kweli, picha ya miwani ilikuwa imetanda juu ya kitufe. Mwalimu akawaambia wazungushie mstari mwekundu kila kisanduku, yaani nafasi ya kila kitu kwenye ukurasa, na hapo wakaona kisanduku cha picha kimevuka mpaka. Kasi alikuwa ametumia amri mpya ya kupanga ukubwa wa picha. Kivinjari cha zamani cha simu ile hakikuijua, kikairuka kimyakimya, na picha ikabaki kubwa kupita kiasi.

Wakaandika vipimo vya kawaida, wakajaribu kwenye kila kivinjari. Kitufe kikatokea.

"Nisamehe, Kidoti," Kasi alisema.

"Uliniacha nigombezwe huku unajua," Kidoti akajibu, bila kumtazama.

"Ukurasa tumeurekebisha upesi," mwalimu alimwambia Kasi. "Imani ya mwenzako haitarudi upesi hivyo. Ukiulizwa kama umefanya kazi, na hujafanya, sema hujafanya. Sasa waandikie wazazi wajaribu tena."

Kasi aliandika kwamba kitufe sasa kinaonekana. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaongeza: "Kosa lilikuwa langu, si la Kidoti."